Fungate Iliyochelewa Miaka Saba: Sisi, Watoto na Hema Lushoto



Makala haya tumeyaandika wawili, mke na mume, usiku watoto wakiwa wamelala. Ndiyo maana mtatusikia tukisema "sisi" tangu juu hadi chini. Yapo mambo humu ambayo mmoja wetu aliyakosea, na tumekubaliana kwamba hatutasema ni nani. Mkiendelea kusoma mtajua kwa nini.

Sisi ni watu tunaokula kwa harusi za watu. Mmoja wetu anafanya kazi hotelini, kaskazini mwa kisiwa. Anatandika vitanda vya maharusi, anavipamba kwa maua, anakunja taulo zikawa kama bata wawili wanaotazamana. Mwengine anashona nyumbani magauni ya harusi na shela. Kwa hivyo hapiti mwezi ila fungate ya mtu imepita mikononi mwetu. Ya kwetu ilikuwa hivi: tulioana Ijumaa, na Jumatatu mmoja wetu alikuwa keshaingia kazini, kwa sababu ulikuwa msimu wa wageni na deni la ukumbi lilikuwa bado shingoni. Bibi alicheka akatwambia, "Fungate ni siku saba wanangu, nyinyi mmekaa tatu. Nne mnadaiana."

Tukasema tutazilipa. Akaja binti yetu, ambaye sasa ana miaka sita. Akaja mdogo wake wa kiume, ana miaka mitatu. Zile siku nne hatukuzilipa.

Kilichotuondoa nyumbani

Tutasema ukweli, kwa sababu tunajua wapo wanaosoma na wako pale tulipokuwa sisi. Mwanzoni mwa mwaka huu tulikaa siku tisa katika nyumba mbili tofauti. Hakukuwa na mtu wa tatu, wala kipigo, wala matusi. Tulikuwa tumechoka, na kila mmoja aliamini amechoka zaidi ya mwenzake. Mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki matatu tu: umeme umekatika, ada ya skuli haijalipwa, nani atamchukua mtoto chuoni. Siku moja neno likazaa neno, na mmoja akabeba watoto akaenda kwao.

Wazee wakakaa, mmoja kutoka kila upande, kama dini yetu ilivyoelekeza. Mjomba aliyesimama upande mmoja alisikiliza malalamiko yote, ya huku na ya kule, kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Mmewahi kusafiri pamoja?"

Tukamjibu kwamba tumewahi kwenda Pemba kwenye msiba. Akasema msiba si safari. Akatukumbusha jinsi inavyosimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Mungu amridhie, mtu alipomsifia mwenzake mbele yake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye, kwa sababu safari ndiyo inayofunua tabia. "Nyinyi mnajuana kwa zamu," akasema. "Huyu anaingia, yule analala. Nendeni mahali ambapo hakuna wa kuingia wala wa kutoka."

Tukaanza kutia shilingi 20,000 kwenye kibubu kila Ijumaa. Baada ya miezi kadhaa tukakivunja. Pesa ya hoteli haikuwemo. Ilikuwemo nauli ya boti, nauli ya basi, chakula, na hema la kukodi. Tukachagua Lushoto, mkoani Tanga, kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu hawakuwahi kuona mlima. Pili, hakuna mtu wa Unguja anayekwenda Lushoto kupiga picha za kuonyesha watu. Tulitaka pahala pa kuwa sisi tu.

Nyumbani walituona wendawazimu. "Mtu ana kitanda chake akalale chini kwenye turubai?" Tukawaombea wote radhi, tukafunga mizigo.

Kupanda

Tulivuka Jumatano ya mwezi wa Juni, skuli zilipofungwa. Kabla boti haijaondoka tuliisoma dua ya safari na binti yetu akaitikia amin kwa sauti mpaka abiria wa mbele wakageuka. Usiku ule tulilala Dar es Salaam kwa shangazi. Alfajiri tukapanda basi.

Safari ni ya kutwa. Unapita Chalinze, unapita Segera, baada ya Korogwe unaanza kuona mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama herufi za juzuu, na milima ya Usambara imesimama mkono wa kulia. Ukifika Mombo joto ni lile lile la kwetu. Hapo basi linaiacha barabara kuu, linageuka kulia na kuanza kupanda. Barabara inajikunja kama kiuno cha mcheza ngoma. Upande mmoja ukuta wa jabali, upande wa pili bonde, na chini kabisa maji yanakimbia juu ya mawe. Hatukufika hata Soni, ambako kuna maporomoko ya maji yanayoonekana karibu na barabara, mdogo wetu akatapika. Dada mwenye watoto wadogo, chukua mifuko migumu na limau la kunusa, na usiwashibishe kabla ya Mombo. Hili hatukuambiwa na mtu.

Lakini upepo! Kila kona unayopanda, upepo unabadilika. Tulifungua dirisha na binti yetu akauliza, "Mama, nani kafungua friji?"

Mji wa Lushoto uko juu ya usawa wa bahari karibu mita 1,400. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita Wilhelmsthal, wakipanda huko kulikimbia joto la pwani. Tulikopiga hema ni kwenye shamba moja nje kidogo ya mji, chini ya mikaratusi. Tulipata nafasi mwisho wa uwanja, choo na bomba la maji havikuwa mbali. Tukaelekeza mlango wa hema upande usio na njia ya watu, ili mwenye kuvua mtandio awe na sitara yake.

Hema lilitupiga chenga kwa saa nzima. Watu wawili wanaogombana kimoyomoyo hawawezi kusimamisha hema. Huyu akivuta kamba, yule analegeza. Mlinzi wa shamba, mzee wa Kisambaa, alisimama akatutazama kwa adabu, kisha akaja akashika nguzo ya kati bila kusema neno.

Mfuko wa mablanketi

Jua lilipozama ndipo tulipojua. Begi la nguo lipo. Ndoo ya vyombo ipo. Jiko la gesi lipo. Mfuko mkubwa wa mablanketi na masweta haupo.

"Umeuweka wapi?"

"Mimi? Si wewe uliyekuwa unapakia?"

Mwezi wa Juni usiku wa Lushoto hushuka mpaka kukaribia nyuzi 10 za selisiasi. Kwa mtu wa bara hiyo ni baridi ya kawaida. Kwa mtoto wa Unguja, ambaye nyuzi 24 anaomba shuka, ni kitu hajapata kukiona. Tulimwendea mlinzi. Alikuwa na blanketi moja, la kwake, akatupa. Tulipokataa alisema yeye ana koti na ana moto, na watoto ni wa watu wote.

Tukawalaza watoto katikati chini ya blanketi la mzee, tukawafunika na kanga zote tulizokuwa nazo, doti tano, sisi tukalala pembeni, mmoja kila upande, kama kingo za mkeka. Tukanyamaza. Hatukuwa tumeamua kunyamaza kwa wema. Ukuta wa hema ni kitambaa, na hatua kadhaa kutoka kwetu walikuwa wamelala wageni wengine. Nyumbani tungefunga mlango tukapandishiana sauti. Hapa hata pumzi ilisikika.

Saa nane za usiku mdogo wetu akakojoa. Akalirowesha blanketi la mzee, kanga mbili na suruali yake, akaanza kutetemeka. Tukamvua, tukamkausha, mmoja akamtia ndani ya nguo yake, kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyokuwa siku aliyozaliwa. Meno yake yalikuwa yanagongana. Ilikuwa kama nusu saa mpaka akatulia, na katika nusu saa ile tuliogopa kweli. Tulimleta mtoto wa miaka mitatu mlimani kuja kutengeneza mambo yetu, na mambo yetu ndiyo yaliyomtia baridi.

Alipolala tukaanza kuambiana kwa sauti ya chini kabisa. Mwanzo zilikuwa lawama zile zile. Wewe ndiye. Hapana, wewe. Kisha mmoja wetu akanyamaza kidogo, akasema:

"Niliuona ule mfuko. Ulikuwa nyuma ya mlango wa shangazi. Niliuona nikitoka. Nikajua utauchukua."

Kimya. Kisha mwengine akasema:

"Na mimi niliuona."

Dada zetu, tulikaa na maneno hayo mpaka karibu na alfajiri. Sote wawili tuliuona. Sote wawili tuliupita. Kila mmoja alijua moyoni kwamba ule mzigo ni wa mwenzake. Na pale gizani, bila hata kuelezana sana, tukaona kwamba nyumba yetu yote ilikuwa imekwenda hivyo hivyo. Ada ya skuli tuliiona sote. Mtoto kusubiri chuoni mpaka magharibi, sote tulijua saa. Uchovu wa mwenzangu niliuona, na yeye aliuona wangu. Tuliona kila kitu, tukasubiri mwenzetu akibebe, kisha tukakasirika hakikubebwa.

Hiyo ndiyo sababu hatutasema ni nani aliyeuacha mfuko. Hayupo mmoja.

Sala ya alfajiri

Adhana ilipanda kutoka bondeni, ndani ya ukungu. Usambara wapo Waislamu wengi, na kuisikia adhana pahala ambapo huoni hata mti wa mbele yako ni jambo linalokaa moyoni.

Tuliwasha jiko nje tukachemsha maji ya udhu. Wanaume kwa wanawake, wengi hufikiri ukienda kwenye baridi unatayamamu tu. Maadamu maji yapo na una njia ya kuyapasha moto, ruhusa hiyo hujaifikia. Na tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba kuutimiza udhu wakati wa tabu ni katika mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufuta kwayo makosa. Tulikuwa na makosa ya kufutwa.

Mmoja akashika birika, mwengine akakinga mikono. Halafu tukabadilishana. Miaka saba ya ndoa, hatukuwahi kutiliana maji ya udhu. Hema lenyewe dogo, na sisi Mashafi tukigusana ngozi udhu umetutoka, kwa hivyo tuliingia kila mmoja akijikunja kama anayepita kwenye mlango wa sindano. Hata hivyo mkono uligonga mkono, tukatoka tena na birika. Hapo ndipo tulipocheka. Tulicheka mpaka binti yetu akaamka akauliza kuna nini.

Tukamfundisha kutafuta kibla. Sisi watu wa pwani na hata huko Lushoto kibla chetu ni kaskazini, kwa kuwa Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja. Tukamwambia: simama, mahali panapopambazuka pawe mkono wako wa kulia, basi unapotazama ndiko. Kila asubuhi baada ya hapo yeye ndiye aliyetupanga safu.

Siku tatu

Asubuhi ile ya kwanza tulifua blanketi la mzee mpaka likatakata, tukalianika, jioni tukamrudishia pamoja na visheti kutoka nyumbani. Sokoni Lushoto tulinunua mablanketi mawili na masweta manne ya mitumba. Sweta la binti lilikuwa na picha ya kulungu na lilimfika magotini. Hajalivua hadi leo, na Unguja ni joto.

Soko lenyewe lilikuwa darasa. Karoti, kabichi na mbatata vimerundikwa vikiwa bado na udongo. Watoto wetu walijua karoti inatoka Darajani. Mama mmoja muuzaji aliona wanavyoshangaa, akatuelekeza shamba la nduguye lililo njiani, wakaenda wakang'oa wenyewe. Mdogo wetu, ambaye nyumbani hali mboga hata kwa hongo, alikula karoti mbichi mbili kwa sababu "yangu nimeitoa mimi."

Ijumaa baba wa nyumba alikwenda kusali msikitini mjini, ingawa msafiri halazimiki. Siku ya pili tulikwenda msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia, na tulichukua mwongozaji kama inavyotakiwa. Tuliona mbega juu ya miti, wale weusi wenye mabega meupe yanayoning'inia kama shela. Tuliona kinyonga mdogo, na watoto walikaa kimya dakika kumi nzima wakimtazama anavyoinua mguu mmoja akifikiri. Mwongozaji alituambia habari ya ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni milima hii ya mkoa wa Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, ndiye aliyelipeleka kwao. Mshonaji wetu, ambaye hutia maua ya bandia kwenye shela kila wiki, alisimama pale akatafakari ni vitu vingapi vya kwetu tunavyonunua vikirudi kutoka mbali.

Siku ya tatu tulikwenda Irente. Ni ukingo wa mlima. Unatembea katika njia ya kawaida kabisa, nyumba na mashamba, na ghafla ardhi imekwisha. Chini, karibu mita 1,000, imelala mbuga tambarare, na barabara kuu tuliyopita inaonekana kama uzi ulioanguka sakafuni. Dada, ukienda na watoto wadogo usiwaachie mkono hata kwa picha moja. Sisi tuligawana, mtu mzima na mtoto wake, tukakaa chini mbali na ukingo.

Binti yetu akauliza kwa nini mlima uko hapa. Tukamjibu kwamba Mola ndiye aliyeiweka milima iwe vigingi vya ardhi. Akafikiri kidogo akasema, "Kama vigingi vya hema letu." Hatukuwa na la kuongeza.

Wakati wa kurudi njia ilikuwa tupu. Mmoja wetu akakumbusha kisa cha bibi Aisha, Mungu amridhie, alivyoshindana mbio na Mtume safarini akamshinda, na baadaye sana wakashindana tena, naye Mtume akashinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Tukatazamana. Tukawaweka watoto kando ya mti wawe waamuzi. Tukakimbia.

Aliyeshinda ndiye aliyevaa buibui. Hilo tumeruhusiana kulisema.

Kwa mwenye nia ya kwenda na watoto

Haya ni yale tuliyojifunza kwa kuumia.

Nguo. Kila mtu awe na sweta, kofia ya sufi, soksi mbili na nguo za kulalia za mikono mirefu. Mtandio wa pamba mzito chini na wa kawaida juu unatosha kwa mama. Usiku baridi kubwa hutoka chini, siyo juu. Tandika turubai, mkeka, kisha godoro la sponji au blanketi. Ukiwa na blanketi moja tu, litandike.

Tahara. Chukua kopo lenye mfuniko kwa haja ndogo ya watoto usiku, ili usitoke nao kwenye umande. Weka nguo za sala za watu wazima katika mfuko wake peke yake, mbali na vitu vya watoto. Mtoto akikojoa saa nane, hutaki kuanza kutafuta kanga safi kwa tochi.

Sala. Safari kutoka kisiwani hadi Lushoto ni ndefu ya kutosha kufupisha. Katika madhehebu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha sala zake. Sisi tulinuia siku tatu kamili, tukafupisha Adhuhuri, Alasiri na Isha, na siku za matembezi tukakusanya. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Mwenye madhehebu mengine amuulize sheikh wake kabla hajaondoka, siyo akiwa njiani.

Chakula. Siku ya kwanza usipange kupika. Chukua katlesi, mikate na mayai ya kuchemsha. Baada ya hapo soko litakulisha. Uji wa moto wenye tangawizi kabla ya kulala unasaidia kuliko blanketi la tatu. Usipikie ndani ya hema, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika moja kwa ajili ya joto. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.

Mizigo. Andika orodha, na kila kitu kiwe na jina la mtu mmoja. Mfuko usio na jina hubaki nyuma ya mlango.

Kwenu mabibi harusi

Mmoja wetu ameshona magauni mengi, na mwengine ametandika vitanda vingi, kwa hivyo mtuvumilie tukisema hili. Tumeona watu wakikopa kwa ajili ya usiku mmoja wa ukumbi, na siku ya nne bwana harusi yuko kazini kulipa deni. Sisi tulikuwa hao. Hatusemi msifurahi, harusi ni furaha na kualika watu ni sunna. Tunasema, kabla hamjaongeza sahani ya pili na pambo la tatu, wekeni kando nauli ya boti na basi. Si lazima iwe Lushoto wala hema. Iwe pahala ambapo mtalazimika kuulizana, nani kabeba nini.

Na wewe uliye kwenye ndoa ya mwaka wa saba, ambaye mazungumzo yenu yamebaki ya umeme na ada: usisubiri mpaka mfike nyumba mbili. Wala usidhani safari inaponya. Tuliporudi umeme ulikuwa umekatika vile vile, na wiki ya pili tuligombana kwa sababu ya bili ya maji. Tofauti ni kwamba sasa mmoja wetu akianza kunyamaza kwa hasira, mwengine huuliza, "Kuna mfuko nyuma ya mlango?" Basi tunajua ni kitu gani kimeonwa na wote wawili na hakijabebwa.

Tulipopita Dar es Salaam kurudi, shangazi alikuwa ameuweka ule mfuko pale pale, nyuma ya mlango. Tuliufikia wakati mmoja, tukagombea kuubeba, shangazi akatushangaa. Mwisho tuliubeba kila mtu na mkono wake, tukapanda nao boti, tukauweka katikati, na mdogo wetu akalala juu yake mpaka Malindi.

Katika zile siku nne bibi alizotudai, tumelipa tatu. Moja bado. Kibubu kipya kiko juu ya kabati, na Ijumaa iliyopita tuliingiza shilingi 20,000 za kwanza.

Mwenyezi Mungu azitie mapenzi na huruma nyumba zetu, awape watarajiwa wenza wema, na awasuluhishe waliotengana. Amin. Tuombeeni, nasi tunawaombea.

Wabillahi tawfiq.